Kilo Nne Zilizogoma

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na mlioketi mbele, asifiwe na nyie kina baba mliosimama kule mlangoni kana kwamba mna basi la kuwahi! Mimi ni Mama Siaeli. Wengi mnanijua kwa chapati kuliko kwa jina. Mzee wa kanisa amenipa dakika kumi nishuhudie, nami nimemwambia nitajitahidi, lakini mtu aliyewahi kuwa na kilo mia moja na kumi na nne hawezi kuzishusha zote kwa dakika kumi. Mnivumilie.

Nilizaliwa Machame, nikaolewa huku Meru. Mama yangu mzazi alikuwa ameshafariki, kwa hiyo niliingia katika boma la mume wangu Anaeli nikiwa sina mtu wa kumwita mama. Mama mkwe wangu alinipokea pale mlangoni, akanishika kidevu, akaniangalia hivi, akasema, "Huyu wamemleta na njaa." Akaenda kunipikia mtori wa ndizi na nyama. Ndugu zangu, tangu siku ile mama huyu hajaacha kunipikia. Ndiye yule pale, mstari wa tatu, mwenye kitambaa cha bluu. Sasa anainamisha kichwa. Mama, usijifiche, leo utasikia mwenyewe!

Mnaikumbuka miaka ya foleni. Sukari ilikuwa ya kugawiwa, sabuni kipande, na doti ya khanga mtu aliificha chini ya godoro. Siaeli nilimzaa katika miaka hiyo, nikanywa uji wa uzazi usio na sukari hata punje. Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa! Mafuta ya kula ya ndoo, unga mweupe wa ngano, soda za kila rangi. Nikafungua hoteli yangu pale Kikatiti, kibanda cha mabanzi kando ya barabara kuu ya Moshi, nikawa nauza chai, chapati na maandazi kwa wasafiri. Mtu aliyepanga foleni ya sukari tangu alfajiri hawezi kuona chapati imebaki kwenye sahani akaiacha ilale. Mimi sikuiacha. Nilikula zilizobaki, nikala zilizoungua, nikala za kuonja. Chai yangu niliitia sukari vijiko vitano, nikasema ni Mungu amejibu. Watu wakanisifu, "Mama Siaeli umenawiri!" Mama mkwe naye alitembea kifua mbele, kwa sababu mkwe aliyenenepa ni sifa kwa boma zima.

Baada ya mtoto wa nne, kitovu changu kikaanza kutoka nje. Mwanzo kilikuwa kama limau, baadaye kama ngumi. Nikikohoa kinatoka, nikiinua sufuria kinatoka. Nilikifunga kwa khanga, nikaendelea kukanda unga. Siku maumivu yaliponizidi, Anaeli akanipeleka hospitali mjini Arusha kwa lori analoendesha, maana yeye ni dereva. Daktari akanipima, akaniambia, "Mama, hii ni ngiri ya kitovu. Utumbo unapenya hapa. Siku ukinaswa usirudi, maisha yako yako hatarini. Inabidi tukupasue."

Nikamwambia, "Nipasue leo, daktari."

Akatikisa kichwa. "Kwa uzito huu nitashona leo, kesho panafumuka. Na dawa ya usingizi kwako ni hatari. Shuka mpaka kilo themanini, halafu uje nikushone vizuri."

Ndugu zangu, kutoka mia moja na kumi na nne mpaka themanini! Nililia njia nzima mpaka Usa River. Lakini nilikuwa na watoto wanne, na mdogo alikuwa bado ananyonya. Nikaanza. Sukari nikaiacha. Maandazi nikayakata. Asubuhi nikawa nashuka Kikatiti kwa miguu, na jioni napanda kurudi nyumbani kwa miguu, kile kilima mnachokijua nyote. Mwezi wa kwanza nilikipanda nikipumzika mara tisa. Kina mama wa kwaya walikuwa wananipita na vichwa vyao vimebeba majani ya ng'ombe, wananiambia pole.

Mizani ya zahanati ilikuwa imeharibika, kwa hiyo kila Jumamosi nikawa napimwa kwenye mizani ya kahawa, pale kwenye banda wanaponunulia. Karani wa mizani ni mtu mwema, Mungu ambariki, lakini amezoea kutangaza magunia. Hajui kunong'ona! Nikipanda tu, anapaza sauti, "Mama Siaeli, mia na saba!" Na walio kwenye foleni na kahawa zao wanaitikia, "Mia na saba!" Kijiji kizima kilijua kilo zangu kuliko kilivyojua mistari ya kukariri ya kipaimara. Nikashuka mia. Nikashuka tisini na tano. Mwaka ulipotimia tangu nianze nikawa themanini na nne. Nne tu zimebaki! Nikamshonesha fundi gauni la kwendea hospitali.

Basi hapo hapo, ndugu zangu, zikagoma.

Jumamosi themanini na nne. Jumamosi iliyofuata themanini na nne. Kahawa ikaanza kuchumwa, ikapimwa, magunia ya mwisho yakaondoka, mimi bado themanini na nne. Miezi minne! Karani mwenyewe akawa anaona haya kutangaza. Nilimlilia Mungu. Nilisema, Bwana, umenivusha thelathini, unaniacha nne? Nikaanza kujitesa. Nilikaa siku mbili bila kula kitu, siku ya tatu nikaanguka mbele ya jiko langu katikati ya wateja, birika likamwagika huku, mimi huku. Jioni ile nilikula kama mtu aliyetoka jangwani. Halafu nikasema kwamba siku hizo sili kitu, mwili wangu umelaaniwa.

Lakini mnisikilize vizuri hapa, maana ushuhuda wangu uko hapa. Sikuwa nasema kweli. Nilikuwa nakula, nami nitawaambia nilikula kwa sababu gani.

Siku moja, nikiwa nyuma ya ukuta wa mabanzi naosha vikombe, niliwasikia wateja wawili wanawake wakiongea mezani.

Mmoja akasema, "Umemwona mwenye hoteli? Amekwisha."

Wa pili akamjibu, "Mumewe si dereva wa lori? Utauliza nini tena?"

Ndugu zangu, mnajua walichokuwa wanasema. Katika miaka hii, mtu akikonda haulizwi habari, anahesabiwa siku. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba nyumbani kwetu ugonjwa huo tulikuwa tunaufahamu. Shemeji yangu Elineema, mdogo wake Anaeli, alirudi kutoka mjini akiwa mgonjwa, akakonda mikononi mwetu mpaka akalala katika Bwana. Mimi nilimwogopa. Leo nasema mbele zenu na mbele za mama yake. Nilimtengea kikombe chake. Kikombe cha bati cha kijani. Nilikiosha peke yake na kukianika peke yake, na Elineema aliona. Mama mkwe ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyemgeuza, ndiye aliyemaliza chai aliyoibakiza mwanawe katika kikombe kile kile, mimi nikitazama.

Kwa hiyo niliposikia maneno ya wale wanawake, niliogopa kugeuzwa Elineema. Niliogopa kutengewa kikombe. Kesho yake basi la kwanza lilipopaki, nilitoka nikakaa kiti cha mbele kabisa, nikafungua soda, nikala chapati mbili za maharage na siagi watu wakiniona. Nikacheka kwa sauti. Kesho yake tena. Kila basi lililosimama, Mama Siaeli anakula! Sikuihesabu kuwa ni chakula. Niliona ni kujibu watu. Nikitoka hapo napanda kilima hadi nyumbani, na mama mkwe ananipa bakuli la uji, nakunywa, kwa sababu uji wa mahindi hauna neno. Jumamosi napanda mizani nashangaa.

Aleluya kwa Mungu asiyechoka na wajinga!

Kulikuwa na Jumatatu moja, nilikuwa nainua ndoo ya unga. Nilihisi kitu kimekaza tumboni kama kamba. Kitovu kikatoka, nikakisukuma, hakikurudi. Nikaanza kutapika. Jirani yangu muuza ndizi alikimbia barabarani akasimamisha gari la watu asiowajua, wakanifikisha hospitali. Daktari yule yule alinilaza chali, akakibonyeza taratibu kwa muda mrefu sana, jasho likimtoka, mpaka kikarudi. Kisha akakaa chini, akanitazama.

"Leo kimerudi," akasema. "Kikigoma siku nyingine nitakupasua hivyo hivyo ulivyo, na siahidi kitu. Sasa niambie. Unakula nini?"

Nikamjibu, "Sili kitu, daktari."

Ndiyo, nilimdanganya mtu aliyeniokoa. Nikarudi nyumbani. Mama mkwe alikuwa jikoni. Nilipita mlango wa nyuma kimya kimya kwa sababu tumbo lilikuwa linauma, na pale nikamwona. Amechota siagi ya ng'ombe wake kwa kijiko kikubwa, anaikorogea kwenye bakuli langu la uji. Akachota cha pili. Akaongeza maziwa. Akaanza kupuliza, huku machozi yanamdondoka.

Nikasema, "Mama, unaniwekea nini?"

Akashtuka. Kijiko kikaanguka majivuni. "Mwanangu, usinikasirikie."

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu ulipofika tisini," akasema. "Elineema naye alianza hivi. Mashavu kwanza, kisha shingo. Nilisema huyu sitamwachia aondoke mikononi mwangu. Wa kwanza sikujua. Huyu nimejua mapema, nitamlisha."

Ndugu zangu, nilikaa chini pale kwenye mafiga na khanga yangu yenye unga. Sikuweza kumkasirikia. Ni nani angeweza? Nilikuwa nimemwambia kwamba daktari alisema nipungue, lakini sikuwahi kumfungulia kitovu changu aone. Niliona haya. Nilimwacha mama yangu ahesabu kila kilo ninayoshusha kama msumari wa jeneza, na karani anazitangaza, na mimi nacheka! Nikainua nguo, nikamwonyesha. Akagusa kwa vidole vyake, akasema "Yesu wangu!" Kisha nikamweleza yote. Soda, chapati za kuonwa na watu, uongo kwa daktari. Na mwisho nikamwambia habari ya kikombe. Nilisema, "Mama, nilimtenga mwanao. Nilimwogopa mwanao."

Aliokota kijiko majivuni, akakifuta kwa khanga yake.

Akasema, "Niliona. Na yeye aliona. Aliniambia, Mama, usimlaumu, ana watoto wadogo."

Hapo ndipo nilipovunjika, ndugu zangu. Wengine wameokoka kwenye mikutano mikubwa yenye vipaza sauti. Mimi Bwana alinikuta jikoni kwa mama mkwe wangu, nimejaa majivu. Nililia, nikamwambia Mungu, sitaki tena kula kwa ajili ya macho ya watu, na sitaki tena kumwogopa mtu uliyemuumba. Nichukue kama nilivyo, na kilo zangu. Mama akaniwekea mkono kichwani. Sikusikia ngurumo. Nilisikia utulivu tu, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani na mtu asiyemwona.

Asubuhi yake tulikwenda mjini wote watatu, mimi, Anaeli na mama. Nilimwambia daktari kweli yote. Hakunigombeza. Alimkalisha mama yangu, akamwamkia shikamoo, akamwonyesha kwenye karatasi utumbo unavyopenya na kwa nini mkwe wake anatakiwa kupungua. Kisha akanigeukia akanieleza jambo ambalo nataka kila mwenye kuhangaika na mizani alishike. Alisema, "Chakula kilichokushusha ulipokuwa na kilo mia, hicho hicho sasa kinatosha kukuweka hapo ulipo. Mwili umekuwa mdogo, na mahitaji yake yamekuwa madogo. Hujalaaniwa. Usijinyime mpaka uanguke, maana ukianguka unakula mara mbili. Kula mara tatu, kidogo, maharage na mboga, na tembea zaidi kidogo ya ulivyozoea."

Mama akauliza, "Na siagi?"

Daktari akacheka, akamwambia, "Siagi umpe mwanao huyu dereva, naona amekonda kwa wasiwasi."

Halafu mimi na Anaeli tukaomba tupimwe na damu, tujue kama tuna ugonjwa ule wa Elineema. Hakuna aliyetulazimisha. Tulisema tumalize mambo yote siku moja. Majibu yalichukua muda kutoka, na siku zile hazikuwa fupi. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo. Lakini mama alitukalisha siku moja baada ya sala, akatuambia maneno ambayo nitazikwa nayo. Alisema, "Mkiwa nao, kuogesha najua. Msipokuwa nao, kupika najua. Kwa hiyo laleni." Ndugu zangu, tukalala!

Hatukuwa nao. Lakini sikuja hapa kujivunia hilo, na msipige vigelegele. Kama tungekuwa nao, ningesimama hapa hapa nikawaambia Bwana ni mwema, maana wema wake niliuona kabla ya karatasi ile kufunguliwa.

Nikarudi Kikatiti. Basi liliposimama, msafiri mmoja akaniuliza kwa sauti, "Mama, mbona umepungua hivyo, unaumwa?" Kibanda kizima kikanigeukia. Nikasema, "Ndiyo, naumwa kitovu, na daktari ameniambia nipungue ili anishone. Kama unataka kuongea mengine, chai yako inapoa." Wakacheka, wakanywa. Hilo tu! Kitu nilichokikimbia miezi minne kwa soda na chapati kilimalizika kwa sentensi moja.

Mama naye akasema hanipikii tena kwa kunificha, atanisindikiza. Bibi mwenye miaka yake, na fimbo! Kila asubuhi alinipitisha njia ya juu, ya kanisani, ndipo nishuke Kikatiti. Alitembea mbele yangu, akinikemea kwa Kimeru nikizubaa. Jumamosi ya kwanza, themanini na tatu na nusu. Nusu kilo! Nilimkumbatia karani. Baadaye themanini na tatu ikakaa wiki mbili haisogei, na moyo ukataka kurudi kule kule, lakini mama alisema, "Hata ng'ombe hapandi kilima bila kusimama. Twende." Tukaenda. Ikashuka. Themanini na mbili, themanini na moja. Na ile Jumamosi ambayo wengi wenu mlikuwepo, karani akainama, akaangalia mara mbili, akasimama wima, akapaza sauti mpaka kuku wakaruka, "Mama Siaeli, sabini na tisa na nusu!"

Vigelegele mlivyopiga siku ile nilivisikia mpaka usingizini. Mama alinishusha kwenye mizani, akapanda yeye. "Nipime na mimi," akamwambia karani, "nione kama zake hazikuja kwangu." Akapimwa, arobaini na nane. Karani akatangaza na hiyo!

Nimepasuliwa, ndugu zangu. Nimeshonwa vizuri, kama daktari alivyoahidi. Nilipozinduka, mkono uliokuwa juu ya paji langu ulikuwa wa mama, unanuka moshi wa kuni, naye anaimba taratibu wimbo asioujua maneno yake vizuri. Leo nainua ndoo ya unga. Namwinua mtoto wangu mdogo, jambo ambalo sikuwa nimelifanya bila kushika kitovu tangu azaliwe. Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari na mikono yake. Namshukuru Anaeli, aliyenyamaza wakati watu wanamsema. Na Mama, mbele ya kanisa zima, asante. Ulinipa mtori nilipokuja na njaa. Ulinipa siagi ulipoogopa. Vyote vilikuwa upendo, hata kile kilichonichelewesha.

Na sasa wewe uliyekuja leo na jambo lako umelifunga kwa khanga kama nilivyofunga kitovu changu. Pengine zimekubakia hatua nne tu na zimegoma, na unaona Mungu amekusahau mlangoni. Hajakusahau. Mwambie kweli yote, na utafute mtu mmoja anayekupenda umwambie na yeye. Na kama uko hapa, na unakonda, na hukuambiwa na daktari yeyote upungue, na umeona watu wakisogea ukikaa karibu nao, nakuomba kwa machozi, Jumapili ijayo usikae nyuma peke yako. Njoo ukae nami. Benchi langu lina nafasi siku hizi.